Rekodi Kumi za Tshopo, Jimbo Lenye Jina la Mto Mdogo

Mto Kongo umezoea kushinda. Wakipanga mito ya dunia kwa kina, kwa wingi wa maji au kwa ukubwa wa bonde, jina lake liko juu ya orodha au linamfuata wa kwanza. Lakini Kisangani si mji wa mto mmoja. Kusini unapita Kongo wenyewe. Kaskazini, nyuma ya nyumba na masoko, unapita mto mdogo unaoitwa Tshopo, ambao hata kuingia Kongo hauingii kwa jina lake: unamwaga maji yake katika mto Lindi, na Lindi ndio unaoyafikisha kwa mkubwa.

Hapa nimepanga rekodi kumi, kuanzia nafasi ya kumi hadi ya kwanza. Masharti ni mawili tu. Kila rekodi iguse ardhi ya jimbo la Tshopo au maji yanayopita humo, na kila namba ipimwe kwa kitu anachokijua msomaji wa Bukavu, Kigoma au Mombasa. Shindano lianze.

10. Mtumbwi wenye wapiga kasia wengi kuliko wote

Mahali: Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia Kongo. Tarehe: 1 Februari 1877. Henry Morton Stanley anateremka mto na msafara uliotoka Zanzibar, na wenyeji wanatoka kumkabili kwa mitumbwi 54. Ule uliotangulia, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, ulikuwa na wapiga kasia 40 upande huu na 40 upande ule, wote wamesimama wima.

Watu 80 katika chombo kimoja! Hizo ni timu saba kamili za mpira wa miguu na wachezaji watatu wa akiba. Stanley alipenda kutia chumvi, hilo linajulikana, lakini hata ukimkata nusu bado unabaki na mtumbwi uliobeba watu wengi kuliko Hiace mbili zilizojaa.

Na Aruwimi wenyewe usidharauliwe. Ukiuhesabu pamoja na Ituri, ambao ndio mwanzo wake, unafika kilometa 1,300 hivi. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, una kilometa 1,000 hivi. Huku kwetu Aruwimi ni tawi tu.

9. Samaki mwenye meno ya kutisha kuliko wote

Wavuvi wa mtoni humwita mbenga. Meno yake 32 yamechongoka na yanaonekana hata akifunga mdomo. Hufikia urefu wa mita moja na theluthi na uzito wa kilo 50. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanyanyue mfuko mmoja wa saruji: huo ndio uzito wake. Sasa upe mfuko huo meno na uutupe kwenye maji yanayokwenda kasi. Katika jamaa yote ya samaki wenye meno ya namna hii barani Afrika, hakuna anayemfikia kwa ukubwa.

Bonde la Kongo lina zaidi ya aina 700 za samaki zinazojulikana. Katika hao wote, nampa mbenga mkanda wa ubingwa bila kusita.

8. Unyoya uliosubiri jina kwa muda mrefu kuliko wote

Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, James Chapin, aliona katika misitu ya Ituri unyoya uliopamba kofia ya mwenyeji. Hakuweza kuutambua. Aliuhifadhi. Mwaka 1936, akiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa pembeni na kuandikiwa jina lisilo lao. Unyoya ulikuwa wa ndege hao: tausi wa Kongo, ndege wa msitu huu huu unaoanzia Ituri na kuingia Tshopo. Miaka 23 kati ya unyoya na jina! Mtoto aliyezaliwa siku unyoya ulipoonekana angekuwa tayari mtu mzima mwenye mke na watoto. Tausi wengine wote wa asili ni wa Asia. Afrika inaye huyu mmoja tu.

Yupo na mwingine aliyechelewa zaidi. Mwaka 2007, huko Opala, kusini-magharibi mwa jimbo, watafiti walimwona mtoto wa kima aliyefugwa nyumbani, uso mrefu mweupe, macho kama ya binadamu. Wenyeji walimjua siku zote kwa jina la lesula. Sayansi ilimwandika rasmi mwaka 2012, na kwa kipindi cha miaka 28 alikuwa kima wa pili tu mpya kupatikana Afrika nzima. Wa kwanza alikuwa kipunji wa Tanzania, wa misitu ya Rungwe na Udzungwa. Matokeo: Tanzania moja, Kongo moja. Kwa sehemu kubwa ni lesula aliyesababisha Hifadhi ya Taifa ya Lomami izaliwe mwaka 2016, ikiwa na karibu kilometa za mraba 8,900, zaidi ya mara tano ya kisiwa cha Unguja.

Ongeza okapi, ambaye sayansi ya Ulaya ilimpa jina mwaka 1901, na bonobo, ambaye zamu yake inakuja hapa chini. Tausi, lesula, okapi, bonobo: wanne hawa leo hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote duniani. Serengeti ina wanyama wengi kuliko sisi, nakubali, lakini nyumbu wa Serengeti huvuka kwenda Kenya kila mwaka. Hawa wanne hawana pa kwenda.

7. Duara kubwa kuliko yote lililochorwa juu ya ramani ya watu

Rekodi hii siisimulii kwa furaha, ila kwa ukubwa wake haiwezi kuachwa nje. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza. Kampuni yake ya Huileries du Congo Belge ilipewa maduara matano ya michikichi, kila moja likiwa na kilometa 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Moja ya maduara hayo lilikuwa la Barumbu, jirani na Basoko, na kituo chake kikapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Elisabetha. Leo kinaitwa Lokutu.

Tupime. Duara la Barumbu lilikuwa na upana wa kilometa 120 kutoka ukingo hadi ukingo, karibu sawa na reli yote ya Kisangani hadi Ubundu. Eneo lake lilikaribia kilometa za mraba 11,300, na jimbo zima la Kinshasa halifiki 10,000. Unganisha maduara yote matano na unapata kilometa za mraba 56,500 hivi. Rwanda na Burundi pamoja ni 54,000 na ushei.

Ndani ya maduara hayo kampuni iliruhusiwa kujichagulia hekta 750,000, na watu walioishi humo walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa malipo duni. Ulaya ilinawa kwa sabuni ya jasho lao. Wazee wa Basoko na Lokutu walirithishwa habari hizo na wazazi wao, na zinastahili kuandikwa kwa namba kubwa kama zilivyo.

6. Kijiji kilicholisha dunia kuliko vyote

Kilometa 100 hivi chini ya Kisangani, ukingo wa kulia wa mto, ipo Yangambi. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, na Yangambi ikawa makao yake makuu. Kwa wakati wake kilihesabiwa kati ya vituo vikubwa kuliko vyote vya kilimo cha nchi za joto duniani. Leo kiko mikononi mwa INERA, taasisi ya Kongo yenyewe.

Anza na mchikichi. Ipo michikichi ya ganda nene, dura, na ipo isiyo na ganda kabisa, pisifera. Mwaka 1941 watafiti wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba ukizichanganya hizo mbili unapata tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Sheria hiyo moja ya uzazi ndiyo iliyojenga mashamba ya kisasa ya Indonesia na Malaysia. Mafuta ya mawese leo ndiyo mafuta ya mimea yanayozalishwa kwa wingi kuliko yote duniani. Yamo kwenye sabuni, kwenye biskuti, kwenye chapati iliyokaangwa Mombasa asubuhi ya leo. Na elimu yake ilipikwa hapa, ukingoni mwa mto, na watu waliokata mikungu ya majaribio walikuwa watu wa Tshopo.

Halafu ndizi. Ipo aina moja inayoitwa Yangambi Km 5, kwa kuwa ilitoka kwenye shamba la kilometa ya tano. Inavumilia ule ugonjwa wa madoa meusi unaounguza majani ya migomba. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima wa Kagera walipokuwa wanapoteza migomba yao, Yangambi Km 5 ilikuwa miongoni mwa aina walizogawiwa. Hakuna kilometa tano nyingine iliyofika mbali hivyo.

Kahawa nayo! Robusta, inayotoa takriban asilimia 40 ya kahawa yote ya dunia, ilianza kuuzwa Ulaya kwa jina hilo karibu na mwaka 1900, kutokana na mbegu za bonde hili hili la Kongo, upande wa mto Lomami.

Bado hatujafika kwenye majengo. Hazina ya mimea iliyokaushwa ya Yangambi ina vielelezo 150,000 hivi. Uwanja wa Stade des Martyrs wa Kinshasa unachukua watazamaji 80,000, kwa hiyo ukimkalisha kila mtazamaji na mmea mmoja, utahitaji uwanja wa pili na utakaribia kuujaza. Msitu unaozunguka kituo umekuwa hifadhi ya UNESCO ya watu na viumbe tangu 1976. Tangu 2020 umesimama humo mnara wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni, wa kwanza wa aina yake katika bonde lote la Kongo. Mita 55 ni mabasi manne na nusu ya abiria yaliyosimamishwa wima, moja juu ya jingine, na ilibidi iwe hivyo, maana mnara mfupi kuliko miti haupimi kitu.

5. Ngazi ya maji ndefu kuliko zote

Maporomoko ya Boyoma hayashindi kwa urefu wa kuanguka. Mosi-oa-Tunya, kule Zambia na Zimbabwe, huanguka mita 108 kwa mkupuo mmoja. Boyoma hushuka kama mita 60 tu. Lakini hushuka kwa hatua saba, zilizotawanyika katika kilometa 100 kutoka Ubundu hadi Kisangani! Mtalii wa Mosi-oa-Tunya humaliza kutazama kabla ya chakula cha mchana. Boyoma huwezi kuiona yote kwa siku moja hata ukiamka alfajiri.

Na sikiliza hili. Ubundu iko kusini ya Ikweta, Kisangani iko kaskazini. Ngazi hii imeivuka Ikweta katikati ya hatua zake. Kongo ndio mto pekee kati ya mito mikubwa ya dunia unaoivuka Ikweta mara mbili, na mara ya kwanza huivuka hapa, ndani ya Tshopo. Ya pili ni karibu na Mbandaka.

Chombo hakiwezi kupanda ngazi hiyo, kwa hiyo reli ililazimika kuizunguka: kilometa 125, ilifunguliwa 1906. Ila kwenye hatua ya saba, mlangoni mwa Kisangani, wapo wanaoishi na kasi ya maji badala ya kuikwepa. Wagenia husimika magogo ndani ya miamba ya mto na kufunga juu yake vikapu vikubwa vya umbo la pia, mdomo wake ukiweza kummeza mtu mzima, na maji yenyewe huwasukuma samaki ndani. Hawatumii injini, hawatumii chambo. Nimeona picha nyingi za uvuvi kutoka pande nyingi za dunia na sijaona ufundi unaoushinda huo.

4. Barabara tambarare kuliko zote

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni kilometa 1,734 za mto usio na poromoko hata moja. Chukua treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kilometa 1,250 hivi. Ukishuka, jaalia uongeze safari ya Mombasa hadi Nairobi, kilometa 480 hivi. Sasa ndiyo umefika.

Katika mwendo wote huo mto haushuki hata sentimita 10 kwa kila kilometa. Boyoma ilishuka sentimita 60 kwa kila kilometa, na ndiyo tofauti kati ya kelele za Wagenia na utulivu wa Isangi, chini ya Kisangani. Maji yanayofika Kinshasa yamekwenda kwa mteremko ambao jicho haliwezi kuuona, na mashua za mbao zinazotoka huko zikiwa zimejaa chumvi, nguo na saruji hupanda wiki kadhaa ili kufika Kisangani, mwisho wa njia.

3. Mpaka imara kuliko yote

Ukingo wa kulia wa Kongo, msituni, wanaishi sokwe. Ukingo wa kushoto wanaishi bonobo. Ni ndugu wa karibu kiasi kwamba hadi mwaka 1929 sayansi haikuwa imewatenganisha. Lakini walitengana zamani sana, kwa makadirio miaka kati ya milioni moja na milioni mbili iliyopita, kwa sababu wote wawili hawajui kuogelea na mto uko katikati.

Huku sokwe, dume hutawala kwa nguvu. Kule bonobo, majike hushikamana na ndio wenye kauli. Maji peke yake yamefanya kazi hiyo. Ukuta wa China una miaka elfu mbili na kidogo, na ulirukwa mara nyingi.

Wanadamu nao hawajaushinda kirahisi. Lubunga ni mtaa wa Kisangani kama Makiso ulivyo, ila uko ukingo wa kushoto, na mkazi wake huvuka kwenda sokoni kwa mtumbwi au kivuko. Daraja hakuna. Kuanzia Kisangani hadi Bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilometa 2,000 za mto, lipo daraja moja tu: la Matadi, lililofunguliwa 1983, lenye urefu wa mita 722. Daraja la Kigamboni lina mita 680. Yaweke hayo mawili kando kando, kisha fikiria kwamba lile la Matadi liko peke yake katika umbali wote huo.

2. Mto wenye kina kuliko yote duniani

Hapa ndipo wengi wangeweka namba moja. Mto Kongo, karibu na mwisho wake, chini ya Kinshasa, umepimwa kina cha zaidi ya mita 220. Hakuna mto mwingine duniani uliofikia hapo. Jengo la KICC la Nairobi lina mita 105. Lizamishe, lipandishe jingine kama hilo juu yake, na bado mtumbwi ungepita juu ya paa la jengo la pili bila kugusa! Huko chini, gizani, anaishi samaki mweupe asiye na macho.

Wingi wa maji: mita za ujazo 41,000 kwa sekunde, kwa wastani. Igeuze kuwa bidoni za lita 20 na unapata zaidi ya bidoni milioni mbili kwa kila sekunde. Kisangani ina watu zaidi ya milioni moja. Maana yake kila mkazi, mtoto mchanga hadi mzee, angepokea bidoni yake, na kabla hajaitua chini ya pili ingekuwa imeshafika. Naili ni mrefu kuliko Kongo, kilometa 6,650 kwa 4,700, lakini maji yanayofika Aswan ni karibu sehemu moja tu ya kumi na nne ya hayo. Duniani kote ni Amazon pekee inayoushinda Kongo kwa wingi wa maji, na inaushinda mara tano. Tukubali. Mshindi wa pili wa dunia si haba.

Bonde lake lina kilometa za mraba milioni 3.7, kubwa kuliko India, karibu Tanzania nne. Kwa nini maji hayapungui kama mito mingine? Kwa sababu bonde liko pande zote mbili za Ikweta. Kaskazini kukikauka, kusini kunanyesha, kisha zamu inageuka. Kisangani yenyewe hupata milimita 1,700 na zaidi za mvua kwa mwaka, na Nairobi hupata kama 1,000.

1. Mto mdogo wenye jina kubwa kuliko yote

Kongo umepata nafasi ya pili. Ya kwanza naupa Tshopo, na hizi hapa hoja zangu.

Mwaka 2015 Jimbo la Mashariki lilipogawanywa, Kongo ikawa na majimbo 26. Lile kubwa kuliko yote halikupewa jina la mto Kongo. Lilipewa jina la mto wa nyuma ya mji. Jimbo la Tshopo lina kilometa za mraba 199,567. Jimbo la Kinshasa linaingia humo mara ishirini. Rwanda inaingia mara saba na nusu. Unguja inaingia karibu mara 120. Mkoa mkubwa kuliko yote Tanzania bara, Tabora, una 76,000 hivi, na ungeingia mara mbili na nafasi ya kutosha ikabaki. Ubelgiji, iliyoitawala nchi hii kwa miongo mingi, inaingia mara sita na nusu.

Shuka hadi wilaya. Mto Tshopo unapita katika wilaya ya Bafwasende, moja tu kati ya saba za jimbo, na Bafwasende peke yake ina kilometa za mraba 47,000 hivi. Denmark, ule ufalme wa kusini mwa Skandinavia, ina 43,000. Wadenmark wana mto wanaoupenda sana, Gudenå, mrefu kuliko yote nchini kwao, kilometa 160 hivi, na wameuandikia vitabu na kuuwekea njia za kutembea kando yake. Sisi tuna wilaya kubwa kuliko nchi yao nzima na mto wake hatujauandikia hata kijitabu. Hiyo ni rekodi ya uzembe, na ni yetu sote.

Sasa umeme. Inga, kule Kongo ya chini, ina mabwawa mawili, la 1972 na la 1982, yenye uwezo wa megawati 1,775 kwa jumla. Kutoka hapo ilijengwa njia ya umeme ya kilometa 1,700 hadi Kolwezi, na ilipokamilika 1982 ilikuwa ndefu kuliko zote za aina yake duniani. Ni karibu umbali ule ule wa Kinshasa hadi Kisangani kwa mto, ila ilikwenda upande mwingine, kwenye shaba. Kisangani haikupata hata waya mmoja. Taa zake zinatoka kwenye poromoko la mto Tshopo, ndani ya mji, ambako tangu miaka ya 1950 kipo kituo cha umeme chenye uwezo wa megawati 19 hivi. Inga inakishinda zaidi ya mara 90. Lakini mgonjwa anayefanyiwa upasuaji usiku Kisangani hatibiwi kwa umeme wa Inga. Mkubwa amekwenda kuwashia wengine, mdogo amebaki nyumbani kuwasha taa.

Na msitu. Kilometa 14 kutoka mjini, kwenye barabara ya zamani ya Buta, mto Tshopo unapinda na kuizunguka hifadhi ya msitu wa Masako. Hekta 2,105, karibu viwanja 3,000 vya mpira, zimekumbatiwa na pindo moja la mto! Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa 1963, wamekuwa wakiutumia msitu huo kama darasa kwa miongo kadhaa. Mkaa na mashamba vinaula kutoka pembeni kila mwaka, kwa sababu mji umekua na sufuria zinahitaji moto. Moto huo ungeweza kuwa umeme wa mto ule ule, kama mitambo ingeongezwa nguvu.

Kwa hiyo mgeni wa Kisangani aende Wagenia, ndiyo, akaone vikapu. Halafu apande toleka, baiskeli ya abiria, avuke mji hadi daraja la Tshopo, autazame mto ambao ramani nyingi za dunia hazihangaiki kuuandika. Na wenye mamlaka juu ya mitambo ile iliyozeeka waitengeneze na kuiongeza, maana hakuna mto mwingine unaotufanyia kazi hiyo.

Matokeo ya mwisho: Kongo wa pili, Tshopo wa kwanza.